Nyumba ya Mchana na Nyumba ya Usiku

Katika miezi ya jilaal, kati ya Januari na Machi, familia nyingi za Kutulo, Elwak na Wajir hulala nje ya nyumba zao. Nyumba yenyewe ipo: ya mawe, imepigwa plasta, ina mlango wa chuma na madirisha ya alumini, na imemgharimu mwenyewe akiba ya miaka, au ngamia kadhaa, au fedha alizotumiwa na ndugu walio Eastleigh, Dubai ama Minneapolis. Lakini ikifika saa tatu usiku, mikeka na magodoro hutolewa uani, vyandarua hufungwa kwenye matawi ya mwarobaini, na vyumba vya kulala huachiwa masanduku. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halihesabiwi tena kuwa kasoro ya nyumba. Nashikilia kwamba ni kasoro, tena kubwa, na kwamba chanzo chake si joto la Kaskazini Mashariki. Chanzo ni mchoro. Tunajenga nyumba moja na kuitaka ifanye kazi mbili zinazopingana, ya mchana na ya usiku, na kwa kuwa mchoraji hakuuliza kamwe mwenye nyumba atalala wapi Februari, familia hujijibu yenyewe kwa kutandika nje.

Kutulo iko Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kaunti ya Wajir, katika njia ya kwenda Elwak. Mambo matatu yanaibadilisha, kama yanavyobadilisha miji yote ya ukanda huu. La kwanza ni ugatuzi wa 2013, ulioleta ofisi, zahanati, mishahara na kandarasi mahali ambapo serikali ilikuwa mgeni. La pili ni ukame: misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mifugo ikafa kwa wingi, na wafugaji wengi waliopoteza makundi yao wakahamia mijini. La tatu ni barabara ya Isiolo hadi Mandera, inayopita Modogashe, Wajir, Kutulo na Elwak, inayotiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Njia ambayo malori yalikuwa yakikwama matopeni kila msimu wa mvua itapitisha saruji, nondo na vioo mwaka mzima. Ndiyo maana inafaa kulizungumza jambo hili sasa, kabla ploti hazijajaa. Nyumba ya mawe haifunguliwi na kupakiwa juu ya ngamia. Ikijengwa vibaya leo, wajukuu ndio watakaotandika nje.

Nyumba inayoagizwa na mwenye uwezo siku hizi ina sura inayotambulika kuanzia Garissa hadi Mandera. Paa la mabati limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu ya vyumba, ili nyumba ionekane bapa kama zile za Ghuba. Madirisha ni mapana, ya vioo vya kuteleza, ambavyo hata vikifunguliwa mpaka mwisho huacha wazi nusu tu ya nafasi. Ua umetandazwa kabro kutoka langoni hadi mlangoni. Ndani kuna dari ya jipsamu, sebule ya familia, na majlisi ya wageni wa kiume yenye mlango wake na makochi ya chini yaliyozunguka kuta. Hiyo majlisi ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu imetokana na maisha ya watu wenyewe: mgeni hukirimiwa na stara ya nyumba haivurugiki. Mengine mengi yametoka mbali. Michoro huchorwa Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako usiku wa Julai mtu hutafuta blanketi la pili, na ukuta unaotunza joto la mchana ili ulirudishe usiku ni neema. Kutulo iko katika nyanda za chini. Wajir, jirani yake, haifiki mita 250. Katika miezi ya joto kipimo cha mchana hukaribia nyuzi 35 za Selsiasi au kuzipita, na usiku hushuka hadi nyuzi 23 au 24. Ukuta uleule, hapo, ni adhabu.

Ili kuona kwa nini, tulifuate joto lenyewe linavyosafiri. Jua hupasha kwanza uso wa nje wa ukuta, kisha joto hupenya polepole hadi ndani. Kwa ukuta wa mawe au zege wenye unene wa sentimita 20, safari hiyo huchukua takriban saa tano au sita. Ukuta wa magharibi hupigwa vikali kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo joto lake hutokeza chumbani kati ya saa mbili na saa tano usiku, wakati uleule ambapo hewa ya nje imeanza kupoa na watoto wanalazwa. Mchana kutwa chumba hicho kilikuwa na nafuu, na ndiyo maana watu husema nyumba ya mawe ina baridi. Wanasema kweli, ila ni kweli ya mchana. Usiku ukuta huwa kama jiko lililoondolewa makaa: moto hauonekani, lakini mkono hauwezi kukaa juu yake. Kufungua dirisha husaidia kidogo tu, kwa sababu hewa inayoingia hupozesha chumba huku kuta zikiendelea kukipasha, na dirisha la kuteleza limeshaifunga nusu ya njia ya hewa hiyo.

Paa nalo lina kesi yake, na pengine ndiyo nzito zaidi. Kutulo iko kati ya nyuzi 2 na 3 kaskazini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, na siku nyingine haliinami sana. Kwa hiyo paa hupokea jua kuliko ukuta wowote, likifuatwa na kuta za mashariki na magharibi, ilhali kuta za kaskazini na kusini zinaweza kukingwa na upenu mfupi tu. Bati lililopakwa rangi ya kijivu, nyeusi au maruni humeza sehemu kubwa ya jua hilo na kuishusha kwenye dari kwa dakika chache. Bati jeupe hulirudisha angani. Mtindo wa kulificha paa umeongeza madhara mawili. Umeondoa upenu uliokuwa ukitia kuta kivuli, na umeifungia hewa ya moto kati ya bati na dari bila kuiachia pa kutokea. Kuna pia hasara ya maji. Mandera hupata kama milimita 250 za mvua kwa mwaka, kiasi kidogo, lakini paa la mita za mraba 200 lenye mifereji safi linaweza kukusanya lita 40,000 hivi hata baada ya kutoa zinazopotea. Nyuma ya ukuta wa paa mfereji hujaa vumbi na majani bila mtu kuuona, na zikija mvua kama zile za mwisho wa 2023, maji yaliyopaswa kujaza tangi hushukia sebuleni.

Anayetafuta mfano bora mara nyingi huelekezwa Pwani, na si bure. Wasanifu wanaojenga huko wameanza kuirudia elimu ya zamani kwa vifaa vya leo. Ofisi ya Urko Sánchez, kwa mfano, ilifunika nyuso za jengo la makazi la Swahili Gem, kando ya Tudor mjini Mombasa, kwa ngozi ya pili yenye matundu, inayotia kivuli na kulinda faragha huku ikipitisha upepo. Katika nyumba yao ya Red Pepper House, Lamu, mapaa makubwa ya makuti yameachiwa kazi karibu yote na kuta zimepungua sana. Hii ndiyo mitindo inayosifiwa leo katika nyumba za pwani zenye joto: vivuli virefu, kuta nyeupe, vyumba vilivyo wazi pande mbili. Lakini kuibeba mizima hadi Kutulo ni kosa la pili baada ya lile la Nairobi. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, mchana na usiku havitofautiani sana, na nafuu pekee ni upepo unaopita mwilini saa zote. Kutulo upepo wa mchana huja na vumbi na joto. Msimu wa hagaa, kati ya Juni na Septemba, mkondo mkubwa wa upepo huvuka mashariki mwa Kenya kuelekea Somalia na Bahari ya Hindi. Mtaalamu wa hali ya hewa Findlater aliueleza mwaka 1969, ingawa wafugaji waliujua kwa macho mekundu na vyombo vilivyojaa mchanga. Sebule iliyo wazi pande zote ingekuwa ya kufagiwa kila saa. Mchana Kutulo nyumba inataka kufungwa na kutiwa kivuli. Usiku ndipo inapotaka kufunguliwa.

Hata hivyo Lamu imehifadhi somo moja ambalo halitajwi sana. Nyumba ya mawe ya mji wake mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ina kuta nene za matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kadiri boriti za mikoko zinavyofika, na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi kinachoingiza mwanga na hewa. Juu ya paa lake la bapa, wengi wamesimamisha banda la makuti lisilo na kuta za maana. Mchana watu wako chini, katika kivuli cha mawe. Jioni hupanda juu kwenye upepo. Banda hilohilo hulikinga paa la mawe lisipigwe na jua, kwa hiyo hufanya kazi hata likiwa tupu. Somo la pwani linaloifaa Kutulo ni hilo: nyumba imegawanywa kwa saa, na kila saa imepewa aina yake ya ukuta.

Wakazi wa Kutulo walikuwa na nusu ya elimu hii kabla ya lori la kwanza la saruji kufika. Herio, nyumba ya fito zilizopindwa kuwa kuba na kufunikwa mikeka ya nyasi na nyuzi za miti, hujengwa na wanawake, na mikeka ya nyumba ya bi harusi hutayarishwa na mama yake pamoja na jamaa wa kike. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, aliwachukulia wanawake hao kuwa wasanifu kamili. Kwa upande wa joto, sifa ya herio ni kwamba haina kitu cha kuhifadhia joto. Jua likishatua, mikeka hupoa upesi, na ikikunjwa upande mmoja upepo hupita kitandani. Mchana wa jilaal ndani yake ni moto kuliko ndani ya nyumba ya mawe, na hakuna haja ya kulificha hilo: mchana wa wafugaji haukuwa wa kukaa ndani, ulikuwa wa malishoni, kisimani na chini ya mti. Mjini maisha yamegeuka. Mtoto yuko kwenye vitabu alasiri, mzee yuko ndani, duka liko mbele ya nyumba. Ndiyo maana mchana wa mjini unahitaji mawe. Usiku, kwa upande wake, haujabadilika.

Wataalamu waliokaa na swali hili walifika mahali pamoja na wafugaji. Otto Koenigsberger na wenzake, katika mwongozo wao wa ujenzi wa nchi za joto uliotoka miaka ya 1970 na ambao umefunzwa kwa vizazi kadhaa vya wasanifu, walitenganisha wazi nchi za joto la unyevu na nchi za joto kavu, wakaonya kwamba dawa ya moja ni maradhi ya nyingine. Majedwali ya Carl Mahoney, yanayomtoa msanifu kwenye takwimu za hali ya hewa na kumfikisha kwenye uamuzi wa mchoro, yana mstari mahsusi kuhusu nafasi ya kulala nje. Yaani kulala nje kulitambuliwa kuwa hitaji la kuchorwa, lenye vipimo na mahali pake, sawa na jiko au bafu. Michoro ya Kutulo hailitaji. Uani ambako familia italala kumeandikwa maegesho ya magari, na kabro iliyolimeza jua kutwa hulipumua joto lake chini ya mkeka mpaka usiku wa manane.

Hebu basi tuichore nyumba kwa saa. Sehemu ya mchana iwe nzito: kuta nene, ikiwezekana sentimita 40, ambazo huchelewesha joto kwa saa kumi au zaidi, nyumba ndefu kutoka mashariki hadi magharibi ili nyuso zake pana zitazame kaskazini na kusini, madirisha ya wastani yenye mbao za kufunga, yafunguke yote, yafungwe tangu asubuhi na kuachwa wazi usiku kucha ili kuta zipoe kwa ajili ya kesho. Upande wa magharibi pasiwekwe kitanda hata kimoja. Pawe na stoo, bafu, ngazi na tangi la maji, vitu visivyolala usingizi. Paa liwe jeupe, liinuliwe juu ya dari kwa nafasi ya kutosha kupitisha upepo, na upenu wake utoke nje ya ukuta bila kuona haya. Sehemu ya usiku iwe nyepesi: fremu ya mabomba ya chuma, paa jepesi lenye mikeka chini yake, wavu wa mbu pande zote, na matofali yenye matundu au vipande vya mbao hadi kiunoni kwa ajili ya stara. Iwekwe juu ya zege la sehemu ya mchana kama lile banda la Lamu, au upande wa mashariki wa ua ambako kivuli cha nyumba hutangulia alasiri. Majlisi ibaki palepale na mlango wake. Vyumba viwili vya kulala vya mawe vibaki pia, kwa usiku wa mvua na kwa wagonjwa.

Sehemu za wazo hili tayari zimesimama na zinatumika. Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso na mshindi wa tuzo ya Pritzker ya 2022, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake mwaka 2001 kwa kuta za udongo na dari ya matofali, kisha akaliinua paa la bati juu yake kwa fremu ya nondo ili upepo upite katikati na kuondoa joto kabla halijashuka kwa watoto. Mwaka 2021 ofisi yake ilikamilisha chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, katika joto linalofanana na la Mandera. Majengo yake ya mawe ya hapohapo yana minara mirefu iliyobuniwa kwa kutazama vichuguu: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na ya baridi kidogo huingizwa na matundu ya chini. Kutulo kuna vichuguu vya kutosha kumfundisha fundi, na mchwa wa kutosha kumkumbusha kwamba fito za mbao zinazogusa ardhi hazina maisha marefu, jambo lililonifanya nitaje mabomba ya chuma hapo juu.

Pingamizi kubwa kuliko zote halihusu joto. Ni la heshima. Watu watasema: mmetuchelewesha miaka sitini, sasa tumepata mawe mnatutaka turudi kwenye mikeka? Neno hili halipaswi kujibiwa haraka, kwa sababu lina historia. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi 1991. Mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa moto na vikosi vya usalama Novemba 1980, na nyumba zilizoteketea kwa urahisi zilikuwa za watu wasio na mawe. Katika kambi za Dadaab, nyumba za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa zilipoanza kujengwa kwa ajili ya wakimbizi, serikali ilizisimamisha kwa kuwa zilionekana kama makazi ya kudumu, na watu wakabaki kwenye hema na maturubai. Hapa kila mtu amefundishwa kwamba mawe maana yake ni mwenyeji na mkeka maana yake ni mpitaji. Katika ardhi ambayo nyingi bado ni ya jamii, bila hati ya mtu mmoja mmoja, ukuta wa mawe ndio ushahidi wa ploti. Mwenye kujenga kwa mawe anajenga haki yake.

Hassan Fathy alijifunza uzito wa hisia hizi huko Misri. Kijiji chake cha New Gourna karibu na Luxor, kilichoanzwa mwaka 1946 kwa matofali ya udongo na kuba za Kinubi, kilikuwa hodari dhidi ya joto, lakini wengi waliokusudiwa kuhamia walikataa. Maslahi yao yalikuwa kule walikokuwa wakiishi, juu ya makaburi ya kale, na kuba alizozipenda msanifu ziliwakumbusha baadhi yao maziara ya wafu. Nyumba iliyo sahihi kwa kipimajoto na inayomdhalilisha mwenyewe haitakaliwa. Ndiyo sababu sisemi mawe yaondolewe. Nasema yafanye kazi yanayoiweza, na yasilazimishwe kazi ya usiku ambayo kila Februari yanashindwa mbele ya majirani wote. Chumba cha usiku kilichopangwa vizuri juu ya nyumba ya mawe, chenye ngazi yake, wavu safi na mikeka iliyosukwa kwa ufundi, kina hadhi kubwa kuliko godoro lililoburutwa uani kwenye kabro. Tayari katika maboma mengi ya miji hii herio imesimama nyuma ya nyumba ya mawe, ikitumiwa na bibi au kama jiko. Watu hawajaiacha, wameiondoa tu kwenye mchoro.

Pingamizi la usalama lina nguvu pia, na huenda likaamua mengi katika kaunti ya mpakani. Mtu anataka kulala nyuma ya mlango wa chuma. Lakini kwa sasa halali nyuma yake. Analala uani, na ukuta wa ua ndio ulinzi wake wote. Chumba cha juu chenye lango la chuma kwenye ngazi ni salama kuliko mkeka ulio chini, kwa binadamu na kwa nyoka na nge. Ukuta wa ua unaweza kubaki mrefu bila kuziba upepo wote ikiwa theluthi yake ya juu ni ya matofali yenye matundu.

Wengine watasema kiyoyozi kitamaliza maneno. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 54.6, kilichozinduliwa Desemba 2019, na jua la Mandera halipungui lile la Garissa. Lakini Wajir, Elwak na Mandera zimetegemea mitambo iliyojitenga na gridi ya taifa, na saa ambazo kiyoyozi kinahitajika zaidi, kuanzia saa tatu usiku, ni saa ambazo paneli za sola zimelala na betri ndiyo inayolipa. Kiyoyozi katika chumba chenye paa jeusi na ukuta wa magharibi uliokunywa jua kinapigana na nyumba yenyewe, na bili ni ya vita hivyo. Chumba kimoja kidogo chenye kivuli na dari nzuri, kikapewa kiyoyozi kwa ajili ya mzee, mgonjwa au mama aliyejifungua, ni matumizi ya busara. Nyumba nzima ni mzigo ambao wengi watauzima baada ya miezi michache.

Gharama nimeiacha karibu na mwisho kwa sababu ndiyo rahisi kujibu. Chumba cha usiku si nyongeza juu ya bajeti iliyopo ikiwa ukuta wa kuficha paa hautajengwa, ikiwa vioo vitapunguzwa, na ikiwa nusu ya kabro itaachwa udongo wenye miti ya mwarobaini, ambayo inastahimili ukame na inajulikana katika kila mji wa ukanda huu. Kila mfuko wa saruji umesafiri zaidi ya kilomita 700 kutoka viwanda vya karibu na Nairobi, kwa hiyo ukuta mnene haupaswi kuwa wa zege. Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa na imejenga kwayo tangu zamani. Jasi, ndiyo jipsamu yenyewe, iko ardhini Elwak, ilhali mbao za jipsamu za dari huletwa kwa malori. Mashine za kushindilia matofali ya udongo kwa saruji kidogo zimetumika Kenya kwa miaka mingi na huhitaji udongo unaofaa, maji na vijana waliofundishwa. Hapa kaunti inaweza kusaidia zaidi kuliko kwa semina: iupime udongo wa Kutulo na Elwak, iweke mashine hizo mahali pa kukodishwa, na ijenge kwa matofali hayo nyumba za walimu na wauguzi kwanza, ili mwenye fedha za ughaibuni aone jengo la serikali lililojengwa kwa kitu anachoambiwa akitumie.

Kuna watu ambao mkataba wa ujenzi wa leo hauwataji kabisa, nao ndio wanaojua nusu ya nyumba hii. Kandarasi ya kawaida ina mistari ya mawe, nondo, mabati, rangi na fundi wa kila kimoja, na wote ni wanaume. Chumba cha usiku kinahitaji mikeka ya paa na ya pembeni, iliyosukwa kwa unene unaomwaga mvua na kupitisha hewa, na kinahitaji mtu wa kuibadilisha ikichakaa. Kazi hiyo wanawake wa Kutulo wameifanya kwa vizazi bila kulipwa kwa sababu ilikuwa ya nyumba zao wenyewe. Ikiingia kwenye nyumba ya mawe ya mwenye duka, iandikwe kwenye orodha ya vifaa na malipo kabla mchoro haujapelekwa kaunti kuidhinishwa: mikeka mingapi, ya nyuzi gani, kwa bei gani, na msukaji alipwe siku ileile anayolipwa mwashi.